Ujumbe Nilioufuta

*Maneno ya mama mmoja, mwalimu mstaafu, kwenye semina ya wazazi iliyofanyika katika ukumbi wa parokia, Moshi mjini. Yameandikwa kutoka kwenye karatasi alizosomea na sauti iliyorekodiwa kwa simu.*

Tumsifu Yesu Kristo. Na ndugu zetu Waislamu mlioitikia mwaliko, asalaam aleikum. Baba Paroko, mwenyekiti wa semina, wazazi wenzangu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mwenyekiti aliniomba nizungumzie malezi ya vijana. Nikamwambia juu ya vijana wapo wanaojua kuliko mimi, ila juu ya mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima ninalo la kusema. Binti yangu ana miaka 28. Mwaka jana, mwezi wa nne, alikamatwa kwenye supamaketi hapa mjini akiwa na vitu ambavyo hakuvilipia. Aliiba. Wengi wenu mlikuwa mnajua, maana Moshi ni ndogo, na wengine mlinikuta sokoni Mbuyuni mkanisalimia kwa sauti ya msibani. Siwalaumu. Hata mimi, angekuwa mtoto wa mwenzangu, nisingejua nianzie wapi.

Binti yangu anajua kwamba leo nipo hapa. Karatasi hizi nilimsomea juzi usiku. Alichukua kalamu nyekundu, ile niliyosahihishia madaftari miaka 33, akafuta mistari miwili, akanirudishia. Akasema, "Haya mengine sema, mama." Kwa hiyo nasema kwa ruhusa yake.

Ilikuwa Ijumaa, kama saa kumi na moja jioni, mvua za masika zimeshika. Nilikuwa namenya ndizi za mtori. Simu ikaita, namba ngeni. Sauti ya mwanamume ikaniuliza kama mimi ni mama wa fulani, halafu ikasema, "Njoo kituoni, mama, usiogope." Mtu akikwambia usiogope, ndiyo miguu inakuisha nguvu. Nilijitanda kanga, nikatoka.

Utomvu wa ndizi mnaujua. Ukikauka mkononi unakuwa mweusi, na sabuni haiutoi mpaka upake mafuta. Nilifika kaunta ya polisi na mikono ile ile. Askari wa zamu aliponisogezea kitabu niandike jina langu, niliona haya kuitoa mikono ndani ya kanga. Niliiona kama ndiyo iliyoiba. Mwalimu mzima, mwandiko wangu wamejifunzia watoto wa mji huu, na siku hiyo jina langu mwenyewe niliandika kama mtoto wa darasa la kwanza.

Vitu vilikuwa vimepangwa pale juu. Diodoranti sita, pafyumu mbili, pakiti za nyembe, chupa tatu za mafuta ya nywele, na chokoleti moja. Ile chokoleti ndiyo iliyonimaliza. Vile vingine niliviona ni mali ya dukani. Chokoleti ilinirudisha nyuma nikamwona mtoto wangu akiwa na miaka sita.

Wakamtoa mahabusu. Hana viatu, mtandio wameuchukua, uso anautazamisha sakafuni. Akasema, "Shikamoo mama."

Sikuitikia. Miaka yote 28, awe amenikosea, awe amenuna, sijawahi kuiacha shikamoo ya mwanangu ianguke chini. Siku hiyo ilianguka. Askari wa zamu, kijana mdogo tu, alinitazama, akainamisha macho kwenye kitabu chake. Nimekiri mengi kwa padri tangu siku hiyo, na hilo ni la kwanza.

Niseme jambo juu ya mlinzi wa lile duka, maana sijawahi kupata nafasi ya kulisema hadharani. Yeye ndiye aliyemwona kwenye kamera. Hakupiga kelele. Alimfuata mpaka karibu na mlango, akamwambia taratibu, "Dada, naomba turudi ndani." Akamkalisha ofisini nyuma, wakapiga simu polisi. Wazazi, sisi tunajua neno "mwizi" linavyofanya kazi katika miji yetu. Likishatamkwa kwa sauti barabarani, hakuna anayeuliza ni nani wala kaiba nini. Mawe yanapatikana, tairi linapatikana. Nimeshuhudia pale Kiboriloni, miaka ya nyuma, kijana akipigwa kwa ajili ya suruali ya mtumba, na waliompiga ni watu ninaowafahamu, watu wa kanisani. Binti yangu yuko hai kwa sababu mlinzi mmoja anayelipwa mshahara mdogo alisema "naomba turudi ndani". Mungu amtunze.

Usiku ule sikuruhusiwa kuondoka naye. Nje ya geti kulikuwa na mtu, hakuwa amevaa sare, akanifuata. Akasema anafahamiana na watu, jambo hili linaweza kuishia hapo hapo, jalada lisifunguliwe, niandae laki tatu. Kwenye pochi nilikuwa na laki mbili na elfu arobaini, hisa za kikundi chetu cha VICOBA, zilizokuwa zipelekwe Jumapili. Sitawadanganya: nilifungua pochi. Nilishaanza kuzihesabu. Kilichonizuia ni kwamba pale ndani nilikuwa nimesoma bango ukutani linalosema dhamana ni haki na ni bure, na mimi nikiona maandishi ukutani huwa nayaamini, ndivyo nilivyofundisha. Nikamwambia, "Baba, nitarudi asubuhi." Akaondoka haraka kuliko alivyokuja. Atakayekutana na mtu wa namna hiyo, namba ya TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, ni 113, na kuipiga ni bure.

Hapa nataka nikae kidogo, maana wazazi wengi tunaumia kwa kutojua. Mtoto wako akikamatwa ana haki ya kuambiwa kosa lake na ana haki ya kuwasiliana na ndugu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 inapowezekana, na kwa kosa kama hili polisi wanaweza kumpa dhamana wenyewe. Atahitaji mdhamini. Mdhamini aende na kitambulisho, cha NIDA ndicho kinachotakiwa mara nyingi, na barua ya serikali ya mtaa. Asome anachosaini. Mshtakiwa akitoroka, anayeulizwa ni mdhamini, na ile bondi aliyosaini ni deni. Kama huna uwezo wa wakili, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wapo wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi chini yake. Hapa Moshi shirika la KWIECO wanasaidia watu wa aina hiyo, mnawajua. Mimi nilikwenda, nikaelezwa kila hatua, sikutoa hata shilingi.

Lakini ile barua ya serikali ya mtaa! Kwangu ndiyo iliyokuwa nzito kuliko polisi. Jumamosi asubuhi nilizunguka nyumba ya mwenyekiti wa mtaa mara mbili, kama nimepotea, na ninaishi pale miaka 20. Mwenyekiti ni mzazi, watoto wake wawili nimewafundisha. Alinikaribisha, akaniuliza kama kawaida, "Barua ya nini, mwalimu?" Nilikuwa nimejiandaa kusema ni ya mtoto wa dada yangu. Mdomo ulikuwa tayari. Sijui nini kilitokea, nikasema, "Ya kumdhamini binti yangu. Ameiba dukani."

Akaniangalia. Akachukua karatasi, akaandika, akagonga muhuri. Akaniambia mvua ya leo haitaacha, nichukue mwavuli wake. Basi. Ndivyo nilivyolisema mara ya kwanza, na dunia iliendelea kunyesha mvua.

Saa saba mchana tulitoka naye. Tulipofika kwenye daladala, nikamwambia, "Marahaba." Akaniuliza, "Nini mama?" Nikasema, "Marahaba. Ya jana." Alilia kutoka pale stendi mpaka nyumbani, na abiria wote wanatazama. Niliwaacha watazame.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Siku tatu nilimwuliza swali moja: kwa nini? Nilimlea na ualimu wangu na shamba la marehemu baba yake, hakulala njaa. Alikuwa na kazi, mapokezi kwenye ofisi ya watalii, anavaa vizuri. Kwa nini? Na kila nilipouliza alinijibu "sijui mama", na mimi nikazidi kupandisha sauti. Siku ya nne nilichoka, nikauliza tu, "Ilianza lini?" Hapo akafungua kinywa. Wazazi, nawaambia kwa kuwa nimelipia somo hili: "kwa nini" ni swali la hakimu, mtoto analijibu kwa kujitetea. "Lini" ina tarehe, na tarehe ina kisa chake.

Ilianza masika ya mwaka wa juzi. Wageni wa mlima wakipungua mwezi wa nne na wa tano, ofisi nyingi za hapa mishahara inachelewa. Akakopa laki moja kwenye simu. Programu ile inakupa pesa dakika tano, haikuulizi dhamana, inakuomba tu ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu yako. Akachelewa kulipa. Akakopa kwingine alipe ya kwanza. Akaenda kwa mama mmoja wa mtaani anayekopesha, ile mikopo tunayoiita kausha damu, akaacha kadi ya benki na namba ya siri. Ikafika mahali mshahara ukiingia unachukuliwa na mtu mwingine kabla hajauona. Ndipo akaanza kuchukua vitu vidogo vidogo madukani na kuviweka kwenye status ya WhatsApp, bei poa, wanawake wa ofisi za jirani wananunua. Vitu vile pale kaunta vilikuwa na wateja tayari. Chokoleti peke yake ndiyo ilikuwa yake.

Nilimpeleka hospitali ya KCMC, kwenye afya ya akili, kwa kuwa kuna usiku mmoja alisema neno ambalo mama hawezi kulisikia akaendelea kulala. Daktari alikaa naye muda mrefu. Wapo watu wachache wenye maradhi yanayowasukuma kuiba hata vitu wasivyovihitaji, akatueleza, lakini binti yangu si wao. Alikuwa na msongo, hakulala miezi, na alikuwa na deni. Nilikuwa natamani awe mgonjwa. Nisameheni, lakini ni kweli. Ugonjwa ningeweza kuwaambia ukoo.

Basi akiwa ananisimulia, akafika kwenye zile meseji. Akasema, "Walianza kuwatumia watu wote walio kwenye simu yangu." Nikahisi baridi mgongoni. Kwa sababu mimi niliipata.

Januari ya mwaka ule ule aliokamatwa. Nilikuwa naanika maharage. Ujumbe ukaingia kutoka namba nisiyoijua, jina kamili la mwanangu, limeandikwa kwa herufi kubwa, kwamba ni mdaiwa sugu na tapeli, na kwamba mimi kama mtu wake wa karibu nimshauri alipe. Niliusoma mara mbili. Nikaufuta. Nikaendelea na maharage.

Kwa nini niliufuta? Niliona aibu, na sikutaka aone kwamba nimejua. Nilijiambia ni utapeli wa mitandao. Moyoni nilijua si utapeli, maana alikuwa amekonda, na Krismasi tulipopanda Kibosho kwa babu yake alikuja mikono mitupu, yeye ambaye haji bila sukari. Nilijidai namtunzia heshima. Jumapili zote za Februari na Machi tulikula pamoja, namwekea nyama, namwuliza habari za kazi, naye anasema nzuri. Sote wawili tunajua kitu kile kile, tumekalia kila mmoja upande wake. Miezi mitatu. Angeulizwa swali moja Januari, Aprili asingekuwa peku mbele ya yule askari.

Wapo mtakaosema, mwalimu, usijilaumu, aliyeiba ni mtu mzima. Ni kweli, na nitalifikia. Lakini kuiba ni kwake, ule ujumbe ni wangu. Siwezi kumwambia yeye abebe cha kwake wakati mimi cha kwangu nimekifuta.

Ujumbe wa namna hiyo ukikufikia, usiufute. Uhifadhi, umpigie mwanao. Toka mwezi Mei mwaka 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko. Mkopeshaji hana ruhusa ya kuchukua majina ya watu kwenye simu ya mtu na kumwanika kwao. Na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Sisi tulikaa mezani na orodha ile, tukakuta wawili kati ya waliomkopesha wamo. Deni bado ni deni, sikumwambia asilipe. Ila alipojua kwamba wanaomtishia wenyewe wanafanya kazi kinyume cha sheria, usiku ule alilala.

Nije kwenye isale.

Wachagga wenzangu mnajua, na wengine niwaeleze kidogo. Isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda makaburini na mipakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo. Ukimkosea mtu kosa zito, unamtuma mtu akupelekee isale. Aliyepelekewa hakatai kusamehe. Wazee wetu walimaliza damu kwa jani lile.

Jumapili, kesho yake baada ya dhamana, shemeji yangu alishuka kutoka Kibosho. Yeye ndiye baba mdogo wa binti. Alikuwa amekata isale alfajiri, amelifunga kwenye gazeti. Akasema, "Shemeji, twende kwa mwenye duka, jambo lifie huko." Tulikwenda. Mzee yule anatoka Rombo, alitupokea vizuri, akatuletea chai. Shemeji akafungua gazeti, akaliweka isale juu ya meza, akasema maneno yanayotakiwa kusemwa.

Mzee akalitazama jani, halijainuliwa. Akaniuliza, "Mama, hili limetoka kwa nani?"

Nikasema, "Kwangu."

Akasema, "Wewe hujanikosea kitu." Akanyamaza. Halafu akasema, "Isale silikatai, nisingekuwa mtoto wa baba yangu. Lakini mwenye kosa ana miaka 28. Aje yeye. Na kesi, mama, tangu juzi si ya kwangu tena, ni ya Jamhuri."

Nilitoka nimekasirika. Nilimwona ana roho ngumu. Nilikuwa nimejivua nguo mbele yake na ananiambia nikavae. Wiki nzima nilimsema kwa shemeji. Nilichelewa kuelewa kwamba ni yeye peke yake katika watu wote siku zile aliyemchukulia binti yangu kama mtu mzima. Mimi nilikuwa bado namwombea radhi kama nilivyomwombea alipovunja dirisha la jirani akiwa darasa la tatu. Na nikikumbuka vizuri, dirisha lile nililipa mimi, usiku, na jirani nikamwomba asimwambie mtoto kwamba nimelipa.

Wahenga wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye, na samaki mkunje angali mbichi. Nimeambiwa methali hizo mwaka huu mpaka nikaacha kwenda vikao vya harusi. Zote ni za mtoto mdogo. Mwenye mtoto mzima anaambiwa tu kwamba alichelewa. Sikubali. Samaki wangu alikuwa ameshakauka, kumkunja ningemvunja, lakini kumwacha peke yake na kumbebea mzigo wake siyo njia mbili pekee zilizopo. Mimi nilianza kuitafuta nyingine siku ya kesi.

Alipandishwa Jumatatu. Niliketi benchi la nyuma. Nilikuwa nimejiapiza sitasimama, sitapaza sauti, sitamwendea karani. Hakimu akamsomea shitaka kwa Kiswahili, wizi, chini ya Kanuni ya Adhabu, akamwuliza ni kweli au si kweli. Kulikuwa na kimya. Nilishika ukingo wa benchi. Nilikuwa natamani aseme si kweli, nami ningeuza ng'ombe nimtafutie wakili. Akasema, "Ni kweli, mheshimiwa." Aliisema kwa sauti inayosikika, kama nilivyomfundisha kusoma somo kanisani.

Tuliishi na hofu mpaka hukumu ilipotoka Mei. Tukipita barabara ya Karanga, upande wa gereza, tulikuwa tunaacha kuongea. Mahakama ilizingatia kwamba ni kosa la kwanza na kwamba alikiri. Ikamwachia kwa masharti, asitende kosa lolote kwa miezi 12. Sheria inayo nafasi hiyo. Ipo pia Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, ambapo mwenye kifungo kisichozidi miaka mitatu anaweza kuitumikia adhabu nje kwa kufanya kazi za umma, na maofisa wa uangalizi ndio wanaofuatilia. Ulizieni haya mapema, msisubiri siku ya hukumu.

Wiki moja baadaye binti aliniambia anakwenda kwa mwenye duka. Alimwomba baba yake mdogo isale jingine. Nikauliza, niende? Akasema hapana. Alibeba na daftari. Mimi sikujua lipo. Daftari la mistari, lile la shule, ndani ameandika kila alichochukua katika duka lile na mengine mawili, tarehe, bei, na mbele yake neno "nitarudisha". Mtoto wa mwalimu. Alikuwa anaiba na anaweka hesabu. Aliponionyesha nilikaa chini, sikujua kama nilie au nimpige.

Vitu vya duka lile vilifika laki tatu na elfu themanini, na vingi mzee hakuwa anavijua kabisa. Alilipokea isale. Daftari alilisoma lote, akampa risiti ya elfu ishirini aliyokwenda nayo, na tangu hapo binti anapeleka elfu ishirini kila mwisho wa mwezi. Kazi ya ofisi ya watalii ilikwisha, sasa yuko kwenye duka la fotokopi na vifaa vya shule. Mwenye duka hilo anajua. Binti alimwambia kabla ya kuajiriwa, sikumtuma. Maduka mawili yale mengine bado. Moja ameshakwenda, wakamfukuza kwa maneno, na walikuwa na haki. La pili anajikaza.

Kuna mtoto ninamkumbuka tangu mambo haya yaanze. Mwaka sitautaja wala shule. Aliiba kompasi ya mwenzake. Nilimsimamisha mstarini asubuhi, mbele ya shule nzima, kompasi ameishika juu, nikawaambia watoto waseme kwa pamoja yeye ni nani. Walisema. Watoto mia sita. Alikuja siku mbili zaidi, halafu hakuja tena, na mimi sikwenda kwao kuuliza. Wale wakopeshaji walipoandika jina la mwanangu kwa herufi kubwa na kulisambaza, walifanya nilichofanya mimi. Kama yupo humu ndani, au mama yake yupo, nitakuwa pale mlangoni nikimaliza. Nitakuja na jani, na nitalibeba mwenyewe.

Mnauliza nyumbani ikoje sasa. Masharti yanakwisha baada ya wiki saba. Kuna siku tunacheka. Kuna siku akirudi amechelewa nautazama mkoba wake kabla sijautazama uso wake, naye anaona kwamba nimeutazama. Hajawahi kuniambia kitu. Ila tangu Agosti kila akinunua chochote, hata kiberiti, anadai risiti, na akifika anaitundika kwenye msumari ulio karibu na kabati la vyombo. Sikumwagiza. Juzi nilizihesabu, zilikuwa 41. Sijamwambia kwamba nazihesabu.